Mvua ya Dar es Salaam haiingii Mtera

Kila ikifika Oktoba, simu ya ofisi yetu huanza kulia kwa zamu mbili. Asubuhi wanapiga wa huko juu ya mto: banio la kuchepushia maji shambani limefungwa, vitunguu vinanyauka, maafisa wa bonde hawana utu. Jioni, umeme ukikatika mahali, wanapiga wa mjini: nchi ina mabwawa yote hayo, jana mvua imenyesha hadi Jangwani hapapitiki, sasa mgao unatoka wapi? Wa asubuhi na wa jioni hawajuani, lakini mara nyingi wanalalamikia mto mmoja.

Tumeanza tena ukaguzi wa vibali vya matumizi ya maji, na safari hii malalamiko yamefika kabla hata sisi hatujafika. Ndiyo sababu ya makala hii. Mimi ni mtaalamu wa haidrolojia katika usimamizi wa maji ya bonde. Si msemaji wa shirika la umeme, kwa hiyo sitajibu habari za nguzo iliyooza, tokeni za LUKU wala transfoma iliyolipuka mtaani kwenu. Hayo yana wenyewe. Yangu ni maji kabla hayajafika kwenye mashine, na ramani ya nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa majina ya mikoa kuliko kwa mito yake.

Nianze na hilo la mvua, maana ndilo linalonichosha zaidi. Mvua ya vuli ikinyesha Dar es Salaam mwezi Novemba, maji yake yanaingia Msimbazi na mito mingine midogo, kesho yake yako baharini. Bwawa la umeme la Mtera liko mpakani mwa Iringa na Dodoma, mamia ya kilomita kutoka hapo, na maji yake yanatoka upande mwingine kabisa: chemchemi za milima ya Uporoto na Kipengere, ambazo mito yake hushuka hadi tambarare ya Usangu, ikapita ardhioevu ya Ihefu, ikavuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndipo Ruaha Mkuu ukaingia bwawani. Ruaha Ndogo unachangia kutoka upande wa Iringa, na Kisigo kutoka magharibi. Huko msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kwa hiyo wakati wewe wa Kariakoo unatafuta gambuti za kuvukia maji, mtu wa Mbarali bado anatimua vumbi, na bwawa limekaa miezi sita likitoa bila kuingiziwa kitu cha maana. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake ya njaa. Mvua ya Dar es Salaam haiingii Mtera. Haijawahi kuingia, na hakuna bomba la kuipeleka.

Kaskazini ni tofauti. Bonde la Pangani linalishwa na Kilimanjaro na Meru na linapata mvua mbili, vuli na masika. Maji yake yanakusanywa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazalisha megawati 8 pale, yanateremka hadi Hale yenye megawati 21 na kisha Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68. Kwa mizani ya leo ni kidogo. Lakini Hale ilianza kazi mwaka 1964, na kwa miaka mingi nchi iliutegemea mto huo kabla ya kuhamia kusini.

Turudi Mtera. Kila asubuhi kuna namba tunayoiangalia kabla ya chai, nayo ni kina cha bwawa hilo. Likijaa, maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, uzalishaji unatakiwa kusimama. Hadithi yote ya Mtera iko ndani ya mita hizo nane na nusu. Wageni tunaowapeleka pale wakati wa ukame hawaamini: wanaona maji yanakwenda hadi macho yanapokoma, bwawa lenye kilomita za mraba zipatazo 600 likijaa, na wanaambiwa mashine zinakaribia kuzimwa. Maji yapo, ndiyo. Yako chini ya kina kinachoruhusiwa, basi.

Na namba hizi hazishuki kutoka angani. Vifaa vya kurekodi vyenyewe vipo, lakini kwenye kituo kimoja cha kupimia mto bado yupo mama anayesoma kipimo kwa macho: ubao wa chuma wenye alama za sentimita, umesimikwa ukingoni, na daftari la jalada gumu analolifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Anasoma saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kila siku, Jumapili na Idi. Nilipopitia daftari lake nikakuta siku moja usomaji wa asubuhi umechelewa, pembeni ameandika: "saa 4:20, kiboko." Namba ya siku ile naiamini kuliko namba nyingi zinazoletwa kwangu na watu wenye kompyuta.

Watu wanauliza kwa nini vituo vikubwa vimerundikana upande mmoja wa nchi. Jibu ni umbile la ardhi. Mto mkubwa unaotambaa kwenye tambarare hauna faida kubwa kwa mashine. Mto mdogo unaoanguka kutoka juu ni mali. Pale Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa, maji yanashuka zaidi ya mita 800 katika umbali mfupi. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ikipita pale inatoa megawati saba hivi. Mita hiyo hiyo ikipita Mtera, ambako mporomoko ni kama mita 100, haifikishi hata megawati moja. Ndiyo maana Kihansi, yenye kibwawa kidogo tu, ina megawati 180, na Mtera yenye ziwa zima ina megawati 80. Kila kikao cha hadhara hunyanyuka mtu akasema basi zijengwe Kihansi nyingine kumi. Mteremko wa namna ile hauchongwi, ndugu zangu. Ama upo ama haupo.

Mtera yenyewe haikujengwa kwanza kwa ajili ya mashine zake. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975, mto chini kutoka hapo, na ilihitaji ghala la kuitunzia maji ya masika hadi kiangazi. Bwawa la Mtera likakamilika mwaka 1980 kama ghala hilo. Mashine zake mbili, za megawati 40 kila moja, zilikuja mwaka 1988. Kwa hiyo maji yanayotoka Mtera yanateremka kuzalisha tena Kidatu, ambako uwezo ni megawati 204, na siku hizi hayaishii hapo. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji kidogo tu kabla ya korongo ambalo ramani za zamani zililiita Stiegler, na hapo pana Bwawa la Julius Nyerere. Maji ya Kihansi nayo yanaingia Kilombero, na Kilombero ndiyo mchangiaji mkubwa kuliko wote wa Rufiji. Luwegu unaleta ya Ruvuma. Tone moja la Mbarali likibahatika linazungusha mashine mara tatu kabla ya kuonja chumvi.

Hapo ndipo penye dhana nyingine ninayotaka niimalize leo: kwamba umeme "unakula" maji. Hauli. Yanaingia upande huu wa mashine yanatokea upande ule, yale yale. Kinachopunguza maji ni jua juu ya bwawa, mmea shambani, na mfereji unaomwagia porini.

Mwaka fulani, mwezi wa kumi, nilisimama kwenye banio moja huko Usangu na mzee aliyekuwa amevaa kofia ya sufu katika jua lile. Mbele yetu viroba vya mchanga na migomba iliyokatwa vimezuia mto kutoka ukingo hadi ukingo; upande wa pili palibaki mchanga na nyayo za ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Nyie ndio mnaofunga maji yetu yaende Dar es Salaam yakawashe feni?"

Nikaanza kumweleza. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nikiyaachia, hapo mbele kuna mwenzangu anayakamata. Na mbele yake kuna mwingine. Sasa hayo ya feni yatafika lini?"

Alikuwa na hoja, na nakiri kwamba hata wenzetu maofisini hukosea jambo hili. Mtera hujazwa na maji ya masika. Vijito vya Oktoba hata vikiachiwa vyote, havilijazi bwawa. Tunapofunga banio kiangazi hatufungi kwa ajili ya mashine. Tunafunga ili mto usife. Ruaha Mkuu, ambao zamani ulipita hifadhini mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, ukabaki madimbwi ambayo viboko na mamba wanabanana humo kama abiria wa daladala. Sababu ni zaidi ya moja, na sitaki kumtwisha mkulima peke yake: kuna mifereji, kuna mifugo, kuna hali ya Ihefu yenyewe. Lakini mfereji unaoachwa wazi usiku na mchana mwezi wa kumi, shamba likiwa halina hata shina moja la mpunga, huo sina namna ya kuutetea.

Na sheria haisemi umeme kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaweka mbele maji ya matumizi ya msingi ya binadamu, kisha maji ya kuutunza mto na viumbe vyake, ndipo wengine wote: mpunga, kiwanda, mgodi, mashine ya umeme. Mkulima na mzalishaji umeme wanakaa benchi moja, wote wana vibali, wote vibali vyao vina masharti na kiasi. Umeme na kilimo vinagongana zaidi wakati wa masika, mabanio yote yakiwa wazi na kila mmoja akichota zaidi ya alichoandikiwa kwa sababu "maji ni mengi". Hayo mengi ndiyo akiba ya Oktoba.

Wanaodhani mitambo haibanwi na mtu wasome habari za chura wa Kihansi. Chura huyu mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 chini ya maporomoko yale, katika eneo dogo linalolowa manyunyu ya maji yanayoanguka, na hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapotea. Vyura wakapelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa, mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni, na bado mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Tangu hapo kila anayeomba kibali cha kuelekeza mto mahali anaulizwa na sisi: kile kipande cha mto utakachokikausha, kinaishi nani? Waombaji wengi hucheka, lakini fomu haijazwi kwa kicheko.

Bwawa la Nyerere limebadilisha hesabu zote, na limeleta uvumi wake. Mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024 na ya mwisho mwaka 2025. Ni karibu nusu ya uwezo wote wa gridi. Watu wakisikia namba hiyo wanadhani umeme wa kiasi hicho unatoka saa zote, siku zote, na wakisikia mashine tatu zinafanya kazi na sita zimepumzika wanaona wametapeliwa. Fanyeni hesabu. Mashine zote zikizunguka mwaka mzima bila kusimama zingetoa zaidi ya gigawati-saa 18,000. Makadirio ya mradi, kulingana na maji ya mto, ni takriban 6,000. Yaani theluthi. Haina maana kwamba theluthi mbili imeibwa. Mashine nyingi ni kwa ajili ya kuitikia haraka saa za jioni, na maji ya mto yana kiasi chake. Bwawa linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hata ghala kubwa namna hiyo haliongezi mvua.

Ukingo wake una kimo cha mita 131, na hapo ndipo penye swali la wenzetu wa Rufiji na Kibiti, waliokumbwa na mafuriko mwaka 2024. Nalijibu kwa uangalifu. Bwawa lisipojaa hupokea mafuriko na kuyashika. Likifika kina chake cha juu, kinachoingia lazima kitoke kupitia utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, vinginevyo ukingo wenyewe unahatarishwa, na hakuna mtu anayetaka kufikiria hilo. Mvua za msimu ule zilikuwa za El Nino, kubwa kuliko kawaida. Na Rufiji imefurika tangu enzi za mababu: baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilihamisha vijiji vizima kutoka bondeni. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna taarifa kabla ya maji kufunguliwa. Taarifa ikitolewa, tafadhali, hamisheni mifugo na vyakula siku ile ile. Msisubiri kuona. Zaidi ya hapo si mahali pangu kusema.

Sasa vyanzo vingine, ambavyo si eneo langu na nitavipitia haraka. Umuhimu wake kwangu ni mmoja: havifuati mvua, kwa hiyo vinanipa nafasi ya kubakiza maji bwawani. Gesi ndiyo kubwa. Iko kusini mwa pwani: Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004, na Mnazi Bay huko Mtwara, iliyogunduliwa 1982. Bomba la kutoka Mtwara lilifika Kinyerezi mwaka 2015. Maneno ya Mtwara ya mwaka 2013, watu walipolipinga bomba hilo, nayakumbuka na sitayafufua hapa. Nasema tu kwamba vituo vya gesi vya Ubungo, Kinyerezi na Tegeta viko Dar es Salaam kwa sababu ndiko mzigo mkubwa wa matumizi ulipo. Maji huwezi kuyahamisha, hivyo mtambo hufuata mto. Gesi inasafiri, hivyo mtambo unaweza kumfuata mtumiaji.

Makaa ya mawe yako Ngaka, Mchuchuma na Kiwira, nayo yanakwenda zaidi viwandani. Upepo wa Makambako na Singida kila dereva wa lori anaujua, lakini mitambo mikubwa ya kuuvuna bado iko kwenye makaratasi. Jua lina mradi Kishapu, Shinyanga, wa megawati 150 ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Jotoardhi liko Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya na upande wa Natron, na linahitaji uchorongaji wa gharama kabla hata hujajua umepata nini. Zanzibar inapelekewa umeme kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba tangu 1980, waya mwingine ukiongezwa 2013, na Pemba kutoka Tanga. Kagera kwa miaka mingi imewashwa na Uganda, Rukwa na Zambia, kwa sababu moja tu kwamba jirani alikuwa karibu kuliko gridi. Na pale Rusumo, mto Kagera, megawati 80 zinagawanywa sawa kwa sawa kati yetu, Rwanda na Burundi.

Lipo na swali la "mto unapita kwetu, nyaya zinapita juu yetu, sisi tuko gizani". Swali hili naliheshimu kuliko yote, kwa sababu anayeuliza yuko gizani kweli. Umeme ukitoka Mtera hupandishwa hadi kilovolti 220 ili usafiri mbali bila kupotea njiani. Kutoka Bwawa la Nyerere hadi Chalinze ni kilovolti 400. Njia za namna hiyo haziwezi kuchepushwa kwa transfoma ya kijijini. Ni lazima zifike kituo cha kupoza umeme, zishushwe hadi 33, ndipo nguzo za mbao zirudi kijijini kwenu, mara nyingine kwa kuzunguka kilomita nyingi. Ujirani na mtambo hausaidii. Bei nayo hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa nchi nzima, haina punguzo la jirani wa bwawa. Inauma, najua. Ila anayekata vyuma vya mnara kwa hasira hiyo anaua watu.

Palipo na mto mdogo wenye mporomoko, njia nyingine ipo. Mufindi kuna Mwenga, megawati 4. Ruvuma kuna Tulila, megawati 5, kazi ya masista Wabenediktini wa Chipole, ambao umeme wao wanauuza kwenye shirika. Nyanda za Juu Kusini zina mitambo ya misheni ambayo imekuwa ikiwasha taa za hospitali kabla gridi haijafika. Mradi wa chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha umeme. Naomba hapa msikilize vizuri, maana hapa ndipo kila mwaka watu wanaponasa: hauhitaji leseni ya umeme, lakini unahitaji kibali cha maji. Kurudisha maji mtoni baada ya kuyatumia hakukuondolei wajibu huo. Umeyahamisha, hata kama ni mita mia tatu, umeyahamisha.

Utaratibu wa kibali ni huu. Maombi hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde husika. Nchi ina mabonde tisa na mipaka yake haifuati mikoa, kwa hiyo mtu wa Njombe anaweza kuwa Bonde la Rufiji na jirani yake wa ng'ambo ya kilima yuko Ziwa Nyasa. Uliza kwanza. Utajaza fomu inayotaka jina la chanzo, mahali halisi pa kuchukulia kwa vipimo vya ramani, matumizi, kiasi unachoomba, miezi unayokihitaji, njia ya kuchukua na njia ya kurudisha. Kiasi kinaandikwa kwa lita au mita za ujazo kwa sekunde. "Ya kutosha" si kiasi. "Kama jirani" si kiasi. Utalipa ada ya maombi na kupewa stakabadhi. Wataalamu watakuja kupima mto na kuangalia walio chini yako. Ombi litatangazwa ili mwenye pingamizi alete kwa maandishi, na pingamizi si uadui: jirani ana haki hiyo na wewe unayo dhidi yake. Likipita, unapewa kwanza kibali cha muda cha kujenga. Ukijenga kama ulivyoomba, na ukaweka kifaa cha kupimia, unapewa kibali chenyewe. Ukijenga banio kubwa kuliko mchoro, unarudi mwanzo. Bwawa linataka taratibu zake za usalama juu ya hizi, na tathmini ya athari kwa mazingira haifanywi na sisi.

Kila mwaka kuna ada ya matumizi. Kutolipa hakufuti deni wala hakufuti kibali peke yake. Kunatupa sisi sababu ya kukifuta. Wakati wa ukame bodi inaweza kupunguza kiasi cha kila mwenye kibali kwa muda, na punguzo hilo hutangazwa kupitia jumuiya za watumiamaji. Asiye mwanachama wa jumuiya huja kulalamika kwamba hakuambiwa.

Anayechukua maji bila kibali, anayezidisha kiasi, anayezuia mto mzima au kuharibu kipimo ametenda kosa. Hatua ya kwanza ni notisi ya maandishi. Ya pili ni kufungwa banio, na lakiri ya ofisi ikivunjwa hilo linakuwa kosa jingine. Ya tatu ni mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na amri ya kubomoa kilichojengwa kwa gharama ya aliyekijenga. Watu wanakumbuka faini. Wengi husahau hilo la kubomoa, na ndilo ghali.

Kisha mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 na Sheria ya Maji ya 2009 zote zinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu, naelewa historia yake, bibi yangu alilea watoto saba kwa kinyungu. Lakini bibi alilima kwa jembe la mkono kipande cha ukubwa wa chumba, hakupanda mikaratusi hadi kwenye jicho la chemchemi na hakuwa na pampu ya petroli. Mita 60 hupimwa kutoka ukingo wa mto, si kutoka katikati ya maji wakati wa kiangazi kama mwenyekiti mmoja alivyonishikia kamba tukapime.

Maji ya nyumbani, ndoo na madumu ya familia, hayahitaji kibali. Wanaozunguka vijijini wakidai fedha kwa akina mama wanaochota mtoni hawatoki kwetu. Afisa wetu ana kitambulisho, na fedha yoyote hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi.

Fomu zinapatikana ofisi za bonde na ofisi za vidakio, yaani ofisi ndogo ndani ya bonde, siku za kazi. Njoo na kitambulisho, hati au barua ya umiliki wa ardhi, na mchoro wa mahali hata kama umeuchora kwa mkono. Barua ya serikali ya kijiji iambatanishwe. Ikija yenyewe, bila fomu, tutaipokea, tutaigonga muhuri, na haitakuwa imekupa hata lita moja.